Wazee wa dadu tumekwama: gemu za karatasi chache, vijana wanakesha, sisi tunanyamaza. Kwa nini?

#1 MwishoWaReli (Kigoma)

Wakuu, habari za jioni.

Kuna jambo linanisumbua tangu Jumamosi, na najua humu kuna watu wa mezani. Mimi ni mtu wa gemu za kuigiza za kizamani, zile za mezani ambazo kila mtu anaigiza mhusika wake kwenye hadithi na dadu inaamua kama amefaulu. Boksi langu jekundu la Dungeons & Dragons, lile la 1983, niliachiwa mwaka 1997 na mgeni aliyekuwa akifanya kazi kwenye kambi za wakimbizi, mkataba wake ulipoisha. Dadu zake zilikuja bila rangi kwenye namba. Ndani ya boksi kulikuwa na kijiti cha nta: unasugua juu ya dadu, unafuta na kitambaa, nta inabaki kwenye mikato na namba inaanza kusomeka. Siku hizi nta imetoka yote, na ile ya pande 20 imelika pembe hadi inabingirika kama gololi.

Kwa boksi lile tumecheza watu wanne pale Mwanga zaidi ya miaka ishirini. Mimi ndiye najua kilicho nyuma ya mlango, wenzangu wanafungua. Kazi yangu tuliipa jina "mzee wa meza". Mwenzetu mmoja wahusika wake kumi na mmoja wamekufa mikononi mwangu, na kila mmoja bado analikumbuka shimo lililomla.

Sasa binti wa kaka yangu karudi kutoka chuo na bahasha ya karatasi alizochapisha. Gemu za watunzi wanaojitegemea, hawana kampuni nyuma yao, wanatunga wenyewe na kuuza wenyewe mtandaoni, nyingine wanagawa bure. Zipo za kurasa mbili. Ipo ya ukurasa mmoja. Jumamosi akatuwekea The Quiet Year ya Avery Alder wa Kanada, ilitoka 2013. Haina mzee wa meza. Huna hata mhusika wako. Unahitaji karata za kawaida, karatasi kubwa tupu na penseli. Mko kijiji kimoja kilichotoka vitani, mna mwaka mmoja wa utulivu, kila karata ni wiki moja. Kopa ndio msimu wa kwanza, shupaza wa mwisho. Ikitoka K ya shupaza mwaka umeisha, hata kama bado kuna karata zimebaki. Mnachokitunga mnakichora, ramani inakua.

Inataka watu wawili hadi wanne, kwa hiyo tuligawana: wazee wanne meza moja, vijana wanne meza ya pili. Vijana walimaliza saa saba usiku na bado wakabaki wanabishana juu ya kisima. Meza yetu ilikufa msimu wa pili. Hakuna aliyekasirika, hakuna aliyesinzia. Karata inavutwa, mtu anasoma, anachora kamstari, kimya. Watu hawa nawajua. Mlangoni mwa pango wanapiga kelele mpaka jirani anagonga ukuta.

Swali langu: kimya kile kilitoka wapi? Sitaki kusikia "gemu mpya mbaya" wala "wazee wamepitwa". Nataka sababu.

#2 Nanga

Shikamoo mzee wangu. Nimetandika mkeka, nasubiri wajuzi.

#3 KeteNamua (Ujiji)

Mkuu, jibu umeliandika mwenyewe. "Mimi ndiye najua kilicho nyuma ya mlango." Umewafungulia watu milango miaka ishirini, halafu siku moja unawakabidhi kiwanja kitupu na kuwaambia wajenge. Wenzio walikuwa wanasubiri. Mchezaji wa kizamani kazi yake ni kujibu: kuna shimo, unafanyaje? Kuna jitu, unafanyaje? Kwenye hiyo gemu hakuna wa kuwauliza, basi wakakaa kama abiria kituoni.

#4 AsaliMbichi (Tabora)

Watu wa mwisho wa reli kwa kunyamaza mezani siwashangai, mdomoni mna migebuka 😄

Mimi naona ni hesabu. Sisi wa enzi za THAC0, ile namba ya kukokotoa kama umempiga adui, tumezoea dadu iseme. Usiporusha dadu hakuna hofu, na bila hofu huna cha kusema. Muwekee mzee jitu lenye uhai 40, yeye ana 6, uone kama atanyamaza.

#5 MwalimuHesabu (Kasulu)

AsaliMbichi, marekebisho kidogo: THAC0 ilienea na toleo la pili la Dungeons ya ngazi ya juu, AD&D, 1989. Boksi la mzee ni la 1983, unasoma jedwali kujua kama umepiga. Msilichanganye.

Lakini kwenye hoja yako ya dadu niko na wewe, na nitaongeza. Dadu ya pande 20 kila namba ina nafasi sawa, asilimia 5. Inakutupa huku na huku, na jibu lake ni umepata au umekosa. Mwaka 2010 Vincent na Meguey Baker walitoa Apocalypse World, na gemu nyingi ndogo za leo ni watoto wake. Pale unarusha dadu mbili za kawaida unajumlisha. Kumi na kuendelea umepata. Sita kushuka mambo yanaharibika. Saba hadi tisa umepata lakini kwa gharama: unavuka mto ila mzigo umelowa.

Piga hesabu. Michanganyiko ni 36. Bila nyongeza yoyote, 6 tu ndiyo inakupa ushindi kamili, 15 ni ushindi wa gharama, 15 ni balaa. Ukiwa na nyongeza ya 2, kamili inapanda hadi 15, ya gharama inabaki 15, balaa 6. Ona hapo katikati: hata fundi mwenye nyongeza hiyo, mara 15 katika 36 atalipa kitu. Hiyo gharama ndiyo inayoleta maneno, kwa sababu mtu lazima aseme ni gharama gani. Nimeijaribu na walimu wenzangu, wawili kati yao wa makamo ya mleta uzi, hawakunyamaza hata dakika.

Ningekuwa mimi ningeanza na hiyo, The Quiet Year baadaye.

#6 BintiGungu (Kigoma)

Shikamooni wakubwa. Mimi ndiye binti wa kaka yake. Baba mdogo kaniambia kuna uzi, nikaja mbio, maana naona nasingiziwa 🙂

KeteNamua, kaka, si kweli kwamba hakuna anayeuliza. Kila karata ina maswali, nyingi zina mawili unachagua moja. Kwa hiyo wazee waliulizwa kila wiki. Na walijibu. Ila kwa neno moja.

Nitaje mambo mawili niliyoyaona, maana nilikuwa nazunguka meza zote mbili.

La kwanza, mazungumzo. Kanuni inasema zamu yako unaweza kuitisha kikao cha kijiji. Kila mmoja anasema mara moja tu, sentensi moja au mbili, basi, kikao kimefungwa. Hampigi kura, hamfikii uamuzi. Vijana walicheka sana na hiyo, wakawa wanaitisha vikao makusudi. Meza ya wazee waliitisha kikao kimoja tu mpaka meza inakufa.

La pili, kete za kinyongo. Ukiona wenzako wamefanya jambo bila kukushirikisha, huruhusiwi kuwakatiza. Unachukua kete moja, unaiweka mbele yako, wote wanaiona. Unaweza kuirudisha siku ukitaka kufanya jambo la kujinufaisha, au siku mwenzako akifanya jambo linaloponya mambo. Tulitumia kete za bao za babu. Msimu wa pili unaisha, mzee mmoja alikuwa na kete tisa mbele yake. Tisa! Na hakuwa amesema chochote.

#7 KeteNamua

Bibie, umenisahihisha na wakati huohuo umenipa silaha.

"Sentensi moja au mbili, hamfikii uamuzi." Nimekulia Ujiji, kibarazani, chini ya miembe. Mzee hasemi sentensi moja. Anaanza mbali, anapita kwa marehemu, anarudi, na watu wanamngoja. Na kikao kisichofikia neno hakiitwi kikao, watu wanaondoka na aibu. Umempa mtu mzima kanuni inayomkata ulimi halafu unashangaa ulimi hauongei. Zile kete tisa ndizo maneno yake.

Tena usiniambie tatizo ni kukosa mzee wa meza. Bao halina msimamizi. Kete 64, mashimo 32, kila mtu anaanza na 10 ubaoni na 22 mkononi za kunamua, hakuna kitabu, na kelele zake mnazisikia hadi barabarani. Tatizo ni namna ya kuongea.

#8 ShangaziKatubuka

Mmeongea falsafa. Naomba niulize la nyumbani: taa ilikuwaje, na karatasi zilikuwa za lugha gani?

Nauliza kwa sababu yalinikuta. Mwanangu aliniletea gemu ya panya, Mausritter, nzuri sana, unakuwa panya mdogo na vitu vyako unavipanga kwenye vyumba vidogo vilivyochorwa. Mara ya kwanza niliona haya. Maandishi madogo, Kiingereza, miwani nimeacha dukani, na mtoto anatafsiri kila mstari huku kanisogelea sikio. Nikawa najibu "ndiyo" na "sawa" ili zamu ipite. Mara ya pili nikamwambia asome peke yake mchana, usiku anieleze kama hadithi, karatasi asitoe. Nililia panya wangu alipobebwa na bundi.

Mtu mzima hatakwambia mbele ya wenzie kwamba hajaelewa. Atachora kamstari.

#9 MwishoWaReli

Dada yangu ShangaziKatubuka, asante. Umeme ulikuwepo. Lakini karatasi zilikuwa za Kiingereza, na binti alikuwa anatafsiri papo hapo huku akikimbilia meza ya vijana. Hilo sikulifikiria. Tulikuwa tukicheza boksi jekundu, Kiingereza kilikuwa changu peke yangu, wao waliletewa Kiswahili tu. Labda ndiyo maana hawakujua kamwe kwamba gemu lina kitabu.

Mwalimu, hiyo ya dadu mbili nitaitafuta. Wazo la mzigo kulowa limenikaa.

KeteNamua, kuhusu mimi na milango, nimelala nalo. Sikatai.

#10 FundiRedio (Kibirizi)

Wakuu mimi naingia na kisa. Kama mnataka wazee wapige kelele, wachezesheni Dread. Ilitoka 2005. Haina dadu kabisa. Mnaweka ule mnara wa vipande vya mbao katikati. Ukitaka kufanya jambo la hatari unachomoa kipande na kukiweka juu. Mnara ukianguka mkononi mwako, mhusika wako katoka kwenye hadithi, mara nyingi kafa. Hakuna kubishana.

Hadithi yetu tuliiweka ndani ya Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1916, Wajerumani wanajiandaa kuizamisha meli yao wenyewe Waingereza wasiichukue, ninyi ni mafundi mmeamriwa kupaka mitambo grisi kabla maji hayajaingia. Na kuna kitu kinagonga kutoka chini. Fundi mwenzangu wa miaka 60 na ushee alipochomoa kipande cha tatu kutoka chini, mkono unatetemeka, chumba kizima hakuna aliyehema. Hicho ni kimya, lakini kimya kizuri.

Mnara tulichonga wenyewe kwa mabaki ya mbao, vipande 54, msasa siku mbili. Mkiacha mmoja mnene kuliko wenzake gemu imeharibika, nawaonya.

#11 AsaliMbichi

FundiRedio umetisha. Na jina la huo mnara ni letu wenyewe. Jenga, kutoka "kujenga". Mwingereza aliyeuleta, Leslie Scott, alikulia Afrika Mashariki, akauzindua London 1983. Mwaka uleule wa boksi jekundu la mzee!

Kwa hiyo msiseme gemu hizi zote ni za kuja.

#12 Nanga

Liemba si ilijengwa hapa Kigoma? Babu alikuwa anasema hivyo.

#13 FundiRedio

Babu yako yuko nusu sahihi. Ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikafunguliwa vipande, ikaletwa kwenye masanduku, ikaungwa upya hapa na kushushwa majini 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Waingereza waliiibua 1924, ikarudi kazini 1927 ikiwa Liemba. Ile grisi ndiyo iliokoa mitambo.

#14 Nanga

Shukrani mkuu. Swali jingine la kijinga: hizi dadu za pande nyingi mnazipata wapi? Huku nimezunguka sokoni naonyeshwa za ludo tu.

#15 MwishoWaReli

Si swali la kijinga. Kabla sijaletewa seti ya pili tulikata vipande 20 vya boksi la sabuni, tukaandika namba, tukatia kwenye kikombe cha bati. Unatikisa, unachota bila kuangalia, unarudisha. Wenye gemu yao wenyewe walishafanya hivyo: dadu zilipoadimika Marekani mwaka 1979, maboksi mengine yaliuzwa na vipande vya karatasi badala ya dadu.

Ila uwe na kikombe cha bati. Cha plastiki hakina sauti.

#16 KijanaWaBoksi (Tabora)

Naomba nigeuze kidogo, ila nitarudi kwenye hoja ya Shangazi.

Mimi natafsiri Cairn ya Yochai Gal kwa Kiswahili, nimefika katikati. Niliichagua kwa sababu leseni yake inaruhusu mtu yeyote kutafsiri na kubadili, mradi umtaje mtunzi na chako nacho ukiachie watu. Ilitoka 2020. Kwa wazee wa boksi jekundu naona ni daraja zuri: mzee wa meza yupo, mapango yapo, kifo kipo. Kilichoondolewa ni kurusha dadu kujua kama umepiga. Silaha ikishuka imeshuka, unarusha tu kuona jeraha ni kubwa kiasi gani. Kwa hiyo watu wanafikiri kabla ya kuchomoa panga.

Kilichoniteka hasa ni mzigo. Una nafasi kumi tu za vitu. Na uchovu nao unakaa kwenye nafasi, kama gunia. Ukichoka mara tatu umebakiwa na saba. Mimi ni mtu wa Unyanyembe. Niliposoma hapo niliwaona wapagazi wetu, njia ya Bagamoyo hadi Tabora hadi Ujiji, pembe begani. Nimehamishia gemu yote kwenye njia hiyo. Huchagui utakuwa shujaa gani, unachagua utaacha nini njiani.

Tatizo ni maneno. Ile dadu unayorusha kuepuka balaa, nimeiita "dadu ya kunusurika". Rafiki yangu anataka "dadu ya kuponea". Ninyi mnaita nini?

#17 MwishoWaReli

Sisi tuliita "chupuchupu". "Rusha chupuchupu yako."

#18 MwalimuHesabu

Chupuchupu! Mdogo wangu KijanaWaBoksi, tafadhali andika hiyo. Miaka ishirini ya mezani haishindwi na kamusi.

#19 AsaliMbichi

Naunga mkono hoja. Na nafurahi kuona Mnyamwezi anabeba mzigo hadi Ujiji tena. Safari hii awaletee na asali, mkome kula mawese peke yake.

#20 KeteNamua

Mawese usiyaguse mkuu. Migebuka wa kuchoma, mawese, ugali wa muhogo, njoo ule ndipo uongee.

Ila angalieni: kila anayeleta mfano wa wazee kuchangamka, analeta gemu yenye hatari mwilini au yenye mzee wa meza. Hakuna aliyeleta mfano wa wazee kuchangamka kwenye hiyo ya ramani. Kwa hiyo bado hatujajibu.

#21 Nanga

Nimesoma tangu mwanzo, naomba niseme kitu, na kama nakosea mnisamehe.

Mzee kaandika kwenye #1 "kijiji kilichotoka vitani, mna mwaka mmoja wa utulivu". Wote mmeyapita maneno hayo bila kusimama. Mimi mama yangu alivuka ziwa mwaka 1996 na mgongoni nilikuwa mimi. Ningewekewa karatasi tupu nikaambiwa chora kijiji chako baada ya vita, sijui kama ningepata sentensi mbili.

Hao wenzako watatu, mzee, kuna aliyetoka ng'ambo?

#22 MwishoWaReli

Nimekaa na simu mkononi muda mrefu.

Habari za mtu sizimwagi hapa. Nitasema tu kwamba swali lako, mwanangu, sikuwahi kujiuliza. Miaka yote tumecheza majitu na mapango. Jitu halina kijiji chake upande wa pili wa ziwa.

Mwenye kete tisa ndiye huyo.

#23 BintiGungu

Nilisoma hiyo asubuhi nikashindwa kula. Mimi ndiye niliyechagua gemu. Niliiona nzuri kwa sababu haina mapigano.

Wachezaji wa gemu hizi wana kitu kinaitwa kadi ya X, alianzisha John Stavropoulos. Unaweka kadi katikati ya meza, imeandikwa X. Hadithi ikifika pabaya kwako, unaigusa, wote wanaruka, hakuna kuuliza kwa nini. Nilikuwa nayo kwenye bahasha. Sikuitoa, niliona ni wazee wangu, nitaonekana nawafundisha.

#24 ShangaziKatubuka

Mwanangu usijilaumu. Lakini hata ungeitoa, mzee wa umri ule hainui mkono mbele ya rika lake kugusa kadi ya kusema "hapa panauma". Atafia hapohapo amekaa wima. Ungempa sababu ya kutoka: "baba, naomba unisaidie kuangalia chai". Anatoka, anavuta hewa, anarudi. Hiyo ndiyo kadi yetu.

#25 MwalimuHesabu

Naheshimu sana alichosema Nanga, na kinaweza kuwa kweli. Lakini nawaomba tusimkabidhi mtu sababu ambayo hajaisema. Nafundisha Kasulu. Nusu ya vijana ninaowachezesha wana bibi au mama aliyevuka. Vita vinaingia kwenye ramani zao kila mara na hawanyamazi, wanachora kambi, wanachora foleni ya maji, wanagombana nani kachimba kisima. Na meza ya mzee walinyamaza wote wanne, wala si mmoja tu. Wengine wawili nao? Na yeye mleta uzi?

#26 FundiRedio

Vijana wanachora walichosimuliwa, mwalimu. Yeye anachora alichokiona. Sidhani vinapimwa kwa kipimo kimoja.

Meza ikiwa na mtu mmoja mwenye jambo zito, wenzake wanaomjua wananyamaza naye. Miaka ishirini hiyo.

#27 KeteNamua

Sipingi, lakini narudi palepale: apewe nafasi ya kuongea kwa urefu wake. Futeni hiyo kanuni ya sentensi mbili.

#28 BintiGungu

Kanuni ile ina maana yake, kaka. Inaonyesha jinsi kijiji kinavyoamua mambo bila kusikilizana. Ukiifuta, kete za kinyongo hazina kazi.

#29 KeteNamua

Basi acha waamue wenyewe wazee.

#30 MwishoWaReli

Narudi na mrejesho, wiki mbili zimepita.

Nilikwenda kwanza kwa yule wa kete tisa, mchana, bila karata. Tulinywa kahawa. Sikumuuliza kitu, nikamwambia tu kwamba Jumamosi tunaweza kurudi kwenye boksi jekundu, pango lake la zamani bado lipo na jitu bado lina deni lake. Akasema, "Na ile ramani umeitupa?" Nikamwambia hapana, iko juu ya kabati. Akasema ailete binti.

Jumamosi tukaitandaza. Binti alikuwa amekwisha kuandika maswali yote kwa Kiswahili, herufi kubwa, Shangazi asante. Taa tulisogeza. Kikao tulikubaliana kila mtu aseme mpaka amalize. Tuliendelea kutoka pale tulipoachia, mwisho wa msimu wa pili. Tulicheza mpaka saa sita usiku. Watatu tuliongea. Yeye aliongea kidogo, zaidi ya mara ile lakini kidogo.

Kwenye msimu wa shupaza zamu yake ilifika. Karata ilimtaka achore. Akachukua penseli, akaenda pembeni kabisa ya karatasi, ng'ambo ya maji, mahali hakuna mtu aliyewahi kuchora. Akachora mitumbwi. Hakusema inakuja au inaondoka. Mwenzetu mmoja, yule wa wahusika kumi na mmoja, akasema, "Basi kijiji chetu kijenge gati." Akaandika gati, kazi ya wiki tano.

Mzee akachukua kete moja mbele yake akairudisha bakulini.

#31 ShangaziKatubuka

Mungu awabariki. Nilisema Kiswahili na taa.

#32 KeteNamua

Kwa heshima yote Shangazi, walisema mpaka wakamaliza. Hapo ndipo.

#33 MwalimuHesabu

Au ni ziara ya mchana na ile kahawa. Mmebadilisha vitu vinne kwa mpigo, hakuna jinsi ya kujua kipi kimefanya kazi. Mkicheza tena badilisheni kimoja kimoja 🙂

#34 Nanga

Mzee, mitumbwi mingapi?

#35 MwishoWaReli

Saba. Mmoja mkubwa.

#36 Nanga

Asante mzee wangu.

#37 KijanaWaBoksi

Wakuu, tafsiri ya Cairn sura ya mzigo imekamilika, chupuchupu imo. Natafuta meza ya kuijaribu. Nipo tayari kupanda treni na AsaliMbichi kasema atanisindikiza.

#38 AsaliMbichi

Nimesema. Nabeba asali lita tano. KeteNamua andaa migebuka, na mzee wa meza tuwekee ile dadu inayobingirika, nataka kuirusha kwa mkono wangu.